Droni inayumba? Ngoja kwanza kabla hujanunua GPS nyingine

Msimu huu wa kupulizia naulizwa sana swali moja: "Afisa, droni inayumba, mistari haikai sawa, ninunue GPS mpya?" Nami najibu: ngoja kwanza. Mara nyingi kipokezi ni kizima, ila kuna kifaa chako mwenyewe kinakipigia kelele.

Na kuyumba si jambo dogo. Ukiwa unapulizia dawa ya magugu na droni ikatoka kwenye mstari mita mbili tu, umeacha ukanda wa magugu upande mmoja na upande wa pili umepiga dozi mara mbili. Kama mpakani kuna nyanya za jirani, hapo tunaongelea fidia.

Setilaiti za GPS ziko juu kiasi cha kilomita 20,200. Mawimbi yake yakifika shambani ni hafifu mno. Ni kama kumsikiliza mtu anayenong'ona ng'ambo ya shamba, halafu pembeni yako mtu awashe mashine ya kusaga. Mashine ya kusaga yenyewe ni ile bodi ndogo inayoshusha umeme wa betri hadi volti 5. Inakata na kuwasha umeme mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na mikato hiyo mikali huzaa mawimbi yanayopanda mpaka kwenye masafa ya GPS, karibu megahezi 1575. Kamera, kompyuta ndogo na waya za USB 3 nazo zimo. Wenye trekta msicheke: taa za LED na chaja za simu za bei ya chini zinafanya hayohayo.

Sasa tumsake mkosaji. Toa mapanga ya droni kwanza, hapo hakuna mzaha. Nenda uwanja wazi, mbali na miti na mabati. Kama programu ya droni yako inaonyesha nguvu ya kila setilaiti, tumia hiyo. Kama haionyeshi, weka simu yenye programu ya aina hiyo pale pale ilipo antena, kila kitu kikiwa kimezimwa, usubiri dakika mbili. Setilaiti zilizo juu angani zisome 40 hivi au zaidi. Halafu washa kifaa kimoja kimoja ukiandika namba. Zikishuka 3, kelele imekuwa mara mbili. Zikishuka 10, ni mara kumi. Huyo ndiye.

Dawa ya kwanza ni umbali, na haina gharama. Inua antena kwa kijiti cha plastiki, hata sentimita 15 zinaleta tofauti, na bodi yenye kelele ihamishie upande wa pili. Hapo wengi wanapona. Isipotosha, weka bamba jembamba la shaba chini ya antena, kati yake na bodi. Juu ya antena usiweke chuma chochote, utaziba anga. Na iwe shaba au alumini, si kopo la chuma, maana GPS nyingi za droni zina dira ndani yake na chuma kinaivuruga.

Waya nazo ni antena. Zifupishe, sokota chanya na hasi pamoja, kisha pitisha kwenye pete ya feraiti karibu na bodi. Ukitaka kuifunika bodi yenyewe kwa bati la shaba, izungushie kwanza tepu ya umeme isiyoshika moto haraka. Bati likigusa njia za umeme, betri ya lithiamu inaweza kuwaka. Bodi inayochemka usiifunike kabisa, nunua nyingine bora.

Ukimaliza, rudia vipimo vilevile. Kisha rudisha mapanga, jaza maji matupu kwenye tangi na urushe mistari mitatu katikati ya shamba, si mpakani.