Afya ya Mifugo: Jike wa Sungura Anapopitisha Siku za Kuzaa

SWALI: Msomaji wa Kibaha, mkoani Pwani, anafuga sungura weupe wa aina ya New Zealand, na ameandika kuhusu jike wake aliyepandishwa mwezi Februari, ambaye hakuzaa mpaka siku ya 34, na hata alipozaa alitoa watoto wawili tu, mmoja mkubwa kupita kiasi akiwa amekwisha kufa, na mwingine akiwa hai lakini amelala kwenye wavu, nje ya sanduku la kuzalia. Anauliza kama jike huyo ni mgonjwa, na kama ni kweli, kama alivyoambiwa na jirani, kwamba sindano ya oksitosini ingeondoa tatizo lote.

JIBU: Msomaji huyu alifanya jambo ambalo wafugaji wengi hulipuuza, nalo ni kuandika tarehe ya kupandisha, na bila tarehe hiyo swali lake lisingejibika. Sungura jike hapevushi mayai kwa mzunguko maalumu kama mbuzi au ng'ombe. Mayai hutoka kwenye ovari yapata saa 10 hadi 12 baada ya kupandwa, kwa kuwa tendo lenyewe ndilo linalouchochea mwili kuyaachia, na kwa sababu hiyo umri wa mimba huhesabika kwa uhakika usiopatikana kwa mifugo mingine mingi. Mimba ya kawaida huchukua siku 31 au 32. Ikifika siku ya 33 bila dalili ya uzazi, jike anahitaji kuangaliwa na daktari wa mifugo, na ikipita siku ya 34 watoto wamo katika hatari kubwa ya kufia tumboni.

Kuchelewa huko na uchache wa watoto ni mambo yanayokwenda pamoja. Mimba yenye mtoto mmoja au wawili hukawia kuliko mimba yenye watoto wanane, na kwa kuwa watoto hao wachache hupata nafasi na lishe yote, hukua mpaka kichwa na mabega yao yanashindwa kupita kwenye nyonga ya mama. Hali hiyo, yaani uzazi uliokwama, si ya kawaida kwa sungura, lakini inapotokea, mara nyingi sababu yake ni ukubwa wa mtoto, au unene wa mama ambaye mafuta yake yamebana njia ya uzazi, au umri mdogo wa jike aliyepandishwa kabla nyonga yake haijakomaa. Jike wa New Zealand hafai kupandishwa kabla ya miezi mitano hadi sita.

Swali linalofuata, basi, ni kwa nini watoto walikuwa wawili tu, na hapo si haki kumlaumu jike peke yake. Dume anayekaa kwenye joto linalozidi nyuzi 30 za Selsiasi kwa siku kadhaa hupungukiwa na mbegu zenye nguvu, hata kama hamu yake ya kupanda haijapungua, na huhitaji wiki sita hadi nane baada ya joto kupungua ili mbegu zake zirudi katika hali nzuri. Kati ya Desemba na Machi joto la ukanda wa Pwani hufikia kiwango hicho kwa urahisi, na banda lenye paa la bati lililo chini huzidisha joto hilo. Paa la makuti, kivuli cha mti, na maji baridi ya kunywa mchana kutwa yatamsaidia dume wa Kibaha kuliko dawa yoyote ya dukani. Inafaa pia jike apandishwe mara ya pili saa 8 hadi 12 baada ya mara ya kwanza, siku ileile, kwani desturi hiyo mara nyingi huongeza idadi ya watoto. Lakini asirudishwe kwa dume siku za baadaye kwa nia ya kuhakikisha tu, kwa sababu jike mwenye mimba anaweza kukubali kupandwa, na hesabu ya siku ikavurugika.

Njia salama ya kuhakikisha mimba ni kupapasa tumbo kwa upole kati ya siku ya 12 na ya 14, ambapo watoto husikika kwenye vidole kama gololi ndogo zinazoteleza. Mpapasaji mwenye pupa anaweza kusababisha mimba kutoka, hivyo mfugaji ajifunze kwa mtu mwenye uzoefu. Jike anayenyofoa manyoya na kutengeneza kiota siku ya 16 hadi ya 18 huwa na mimba ya uongo, na huyo anaweza kupandishwa upya.

Kuhusu sindano, ushauri wa jirani una ukweli kidogo na hatari kubwa. Oksitosini ni homoni inayoufanya mfuko wa uzazi ukaze kwa nguvu, na daktari anaweza kuitumia, pengine pamoja na kalisi, baada ya kujiridhisha kwamba njia iko wazi na mtoto amekaa vizuri. Ikichomwa wakati mtoto mkubwa amekwama, mfuko husukuma kitu kisichoweza kupita, na unaweza kupasuka. Kwa jike wa msomaji, ambaye mtoto wake alikuwa mkubwa kupita kiasi, sindano iliyochomwa bila uchunguzi ingeweza kumuua mama pia.

Uzazi wa kawaida hufanyika usiku au alfajiri na huisha ndani ya nusu saa au saa moja. Watoto wanaweza kutanguliza kichwa au miguu ya nyuma, na yote mawili ni sawa. Jike anayesukuma kwa zaidi ya nusu saa bila mtoto kutoka, au anayetokwa na majimaji ya kijani au kahawia yenye harufu, au anayejikunja pembeni bila kula, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Mtoto aliyekwisha kutokeza nusu anaweza kushikwa kwa kitambaa safi chenye unyevu na kuvutwa taratibu kuelekea chini, kwa kufuata msukumo wa mama; mtoto akikataa kutoka, asilazimishwe.

Hata baada ya watoto kutoka, jike huyu anahitaji kupapaswa tena. Mfuko wa uzazi wa sungura una pembe mbili, kila moja ikiwa na mlango wake, na upande mmoja unaweza kuwa umemaliza kuzaa huku upande wa pili umebaki na mtoto mfu. Mabaki hayo huoza au kukauka humo humo, na jike akawa tasa au akafa kwa maambukizi. Akihitaji dawa ya kuua bakteria, mfugaji asimpe mabaki ya vidonge vya binadamu: amoksilini na ampisilini zikipita mdomoni huua bakteria wema wa utumbo wa sungura, na mnyama hufa kwa kuhara.

Mtoto aliyepatikana kwenye wavu hakutupwa kwa chuki. Sungura hawabebi watoto wao kuwarudisha kiotani kama paka afanyavyo, kwa hiyo anayezaliwa nje hubaki nje, na kwa kuwa hana manyoya hupoa upesi. Apashwe joto kwanza ndani ya viganja au kando ya chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa, hata kama anaonekana amekufa, kisha awekwe kwa jike mwingine aliyezaa ndani ya siku mbili au tatu zilizopita, kwani mtoto mmoja peke yake hawezi kutunza joto. Sanduku lenye nyasi kavu liwekwe siku ya 28, si mapema sana likachafuliwa kwa mkojo.

Masalia ya uzazi yazikwe au yachomwe, na anayeyashika avae glovu. Mjamzito asiyaguse kabisa, kwa sababu listeria, bakteria mmojawapo anayesababisha sungura kutupa mimba, huweza kudhuru mimba ya binadamu pia.

Jike huyu asipandishwe mpaka ale vizuri, uchafu ukome na tumbo lithibitishwe kuwa tupu. Kama ni mnene, chakula cha punje kipunguzwe sasa, akiwa hana mimba, na nyasi ziongezwe. Kumnyima chakula katika wiki ya mwisho ya mimba humletea sumu ya mimba, ugonjwa unaotokana na mwili kuyeyusha mafuta kwa kasi, ambao huua ndani ya siku chache. Apandishwe na dume mwingine aliyekaa kivulini, miezi ya baridi, na akirudia kuchelewa na kuzaa watoto wawili tu, aondolewe katika kundi la kuzalisha.