Dondoo Muhimu: Nauli ya Mtoto Kwenye Meli ya Kitalii

Meli za kitalii hupanga bei kwa chumba cha watu 2, na hapo ndipo wazazi wengi hukosea hesabu.

1. Hesabu vitanda kabla ya umri. Abiria 2 wa kwanza hulipa nauli kamili hata mmoja akiwa na miaka 4. Nafuu huanzia kwa wa tatu. Mama anayesafiri na mwanawe tu, kwa kawaida hulipia watu wazima 2, jambo linalowaumiza wazazi walio peke yao.

2. Chunguza neno "bure". Ofa ya kampuni ya meli ya Royal Caribbean kwa watoto wa miaka 12 kushuka chini hufuta nauli peke yake. Kodi, ada za bandari na bakshishi ya kila siku hubaki palepale, na tarehe za Krismasi na likizo za kiangazi mara nyingi hazimo.

3. Linganisha jumla ya mwisho, si bei ya tangazo.

4. Mkiwa 5, ulizeni bei ya vyumba 2 vya kawaida. Wakati mwingine hushinda kimoja kikubwa.

5. Usikate tiketi ya kichanga bila kuuliza: kampuni nyingi hukataa walio chini ya miezi 6, na miezi 12 kwa safari za kuvuka bahari kuu.

6. Familia ya Mombasa au Dar es Salaam inayopandia meli Barcelona iombe viza ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja ikiwa meli itapitia Tunis, nje ya eneo la Schengen, kisha kurudi. Walio chini ya miaka 6 hawalipi ada ya viza.