Vijana Wanaojinyima Chakula

Mtoto akishikwa na homa, nyumba nzima huamka. Lakini binti akisukuma sahani kila jioni akisema ameshiba, ni wazazi wachache wanaoshtuka. Twataka leo kusema juu ya vijana wanaojinyima chakula ili wakonde, na juu ya vidonge wanavyovimeza kwa siri.

Yafaa kwanza kuufahamu mwili wa kijana. Umri huo ndio wa kujenga mifupa. Asiyekula ipasavyo wakati huo huenda akawa na mifupa myepesi maisha yake yote. Damu humpungua, nywele humtoka, na msichana hukatika hedhi. Ajitapishaye au anywaye dawa za kuharisha hupoteza chumvi za mwili, hasa potasiamu. Nayo ikipungua mno, moyo hupiga ovyo na waweza kusimama ghafula. Karen Carpenter, mwimbaji mashuhuri wa Marekani, alikufa kwa ugonjwa wa moyo mwaka 1983, akiwa na miaka 32 tu, baada ya kujinyima kwa miaka mingi.

Akili nayo huumia. Mwaka 1944 huko Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya njema walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita, ili wataalamu wajue njaa humfanya nini mtu. Walikuwa wenye huzuni na hasira, wakajitenga na wenzao, wakawaza chakula usiku na mchana. Basi kijana akigeuka mkali na mpweke, tusikimbilie kumwita mwenye kiburi. Huenda ni njaa inayosema.

Na vidonge je? Katika miaka ya 1930 Wamarekani wengi walimeza dinitrofenoli, kemikali iliyotumika pia katika kutengeneza baruti. Walikonda kweli, maana iliuchoma mwili kwa ndani. Lakini wengine walipata mtoto wa jicho, na wengine walikufa kwa joto la mwili lisilozuilika. Mwaka 1938 ikakatazwa. Fenfluramini ikafuata, nayo ikaondolewa mwaka 1997 kwa kudhuru vali za moyo. Sibutramini ikaondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya shtuko la moyo na kiharusi. Hata hivyo imeonekana mara nyingi ikiwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kwa jina la mitishamba. Hivyo neno zuri juu ya kopo halimlindi mtu.

Wala mtu asijifiche nyuma ya Kwaresima. Sheria ya Kanisa haimlazimishi kufunga aliye chini ya miaka 18. Mfungo ni sala na sadaka. Kujiua njaa kwa ajili ya kioo ni jambo jingine kabisa.

Ninyi wazazi, kuleni pamoja na watoto wenu. Acheni mzaha wa kumwita mtoto bonge au tipwatipwa, maana neno la mama au la shangazi hukaa moyoni kuliko picha za kwenye simu. Aendaye chooni kila baada ya kula, afichaye mwili wake kwa nguo pana, azimiaye au aliyekatika hedhi, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Asipigwe wala kuaibishwa. Aliyekonda sana asilazimishwe kula chakula kingi kwa mara moja, kwa kuwa hilo nalo laweza kumdhuru. Daktari ndiye aongoze.

Na ikiwa kweli mtoto ni mnene kupita kiasi, hapo pia ashauri daktari. Mara nyingi soda na vyakula vya mafuta vikipunguzwa kwa nyumba nzima, na miguu ikatembea, mwili hurudi taratibu. Haraka ya kukonda imekwisha kuwagharimu wengi uhai wao.