Diapo ilikuwa nini? Neno lililobaki baada ya kitu chake

Katika semantiki tunafundishwa kwamba neno linaweza kuendelea kuishi wakati kitu lilichokitaja kimekwisha kutoweka. Makala hii inachunguza mfano mmoja ulio karibu nasi, neno "diapo". Nitaonyesha kwamba mabadiliko ya maana yake hayaishii kwenye kamusi: yanaweza kutufanya tutupe picha ambazo hazina nakala popote.

1. Maana mbili

Kwa mwanafunzi wa leo hapa Mulungwishi, diapo ni ukurasa wa PowerPoint unaorushwa ukutani siku ya kutetea kazi ya mwisho wa masomo. Niliwauliza wenzangu darasani. Hakuna aliyetaja kitu kingine. Hata hivyo neno hili ni kifupi cha "diapositive" ya Kifaransa, yaani kipande kidogo cha filamu kilichowekwa ndani ya fremu ya karatasi ngumu au plastiki. Kiliingizwa katika projekta, mwanga wa taa ukapita ndani yake, picha ikatokea ukutani. Kenya na Tanzania, neno "slaidi" limepita njia ileile. PowerPoint ilirithi jina kwa sababu ya kazi iliyofanana, kuonyesha picha moja baada ya nyingine. Sifa za kitu chenyewe ziliachwa nyuma.

2. Sifa zilizosahauliwa

Filamu ya kawaida ya rangi hutoa negativu: vyeupe huonekana vyeusi, rangi hupinduka, na kipande chote huwa na wekundu wa chungwa. Picha ya karatasi hutolewa humo, hata mara mia.

Diapo ilitoka katika filamu ya kugeuza. Dawa ya kwanza hutengeneza negativu ya fedha, nyeusi na nyeupe. Kisha hufuata kugeuza: sehemu ambazo hazikuguswa na mwanga ndizo zinazoamshwa na kupewa rangi. Mwishoni fedha yote huondolewa, zikabaki rangi tu. Hivyo filamu ileile iliyokuwa ndani ya kamera ndiyo picha yenyewe. Hakuna negativu nyuma yake.

3. Kushuka kwa filamu ya kugeuza

Kodachrome, iliyobuniwa na wanamuziki wawili, Leopold Mannes na Leopold Godowsky, ilitoka mwaka 1935 kama filamu ya sinema ya milimita 16. Mwaka 1936 ikafika kwa wapiga picha. Kuanzia 1965 familia nyingi zilijirekodi kwa Super 8. Lakini rangi za Kodachrome ziliongezwa maabarani, kwa kazi ngumu, na maabara zenye uwezo huo zilikuwa chache. Ektachrome ilikuwa rahisi zaidi kusafisha, ingawa dawa yake ya kwanza hudai joto la digrii 38 bila kuyumba.

Negativu ya rangi ilimsamehe aliyekosea kupima mwanga, tena ilitoa picha za kugawia jamaa. Diapo haikusamehe, na ilihitaji projekta na chumba chenye giza. Video iliwachukua waliojirekodi nyumbani. Kamera za dijitali zikawachukua wengine. Kodak iliacha kutengeneza projekta za diapo mwaka 2004, Kodachrome ya Super 8 mwaka 2005, na mwaka 2009 ikatangaza mwisho wa Kodachrome yote. Maabara ya mwisho, Dwayne's Photo huko Parsons, Kansas, ilifunga mapokezi tarehe 30 Desemba 2010. Ektachrome ilisimamishwa mwaka 2012, ikarudi 2018 kwa wapenzi wachache. Kodachrome ambayo haikusafishwa wakati ule haiwezi tena kupata rangi zake.

4. Hasara iliyo karibu nasi

Maelfu ya slaidi za rangi za Eliot Elisofon, aliyepiga picha Kongo na nchi nyingine za Afrika, yanahifadhiwa Washington, katika Makumbusho ya Kitaifa ya Sanaa ya Afrika. Hayo yana wahifadhi. Yaliyomo kabatini mwetu hayana.

Mzee mmoja alinionyesha kisanduku cha fremu ndogo. "Hizi ni negativu tu, mwanangu," alisema. "Foto zenyewe zilibaki na wazungu." Niliinua moja kwenye mwanga wa dirisha: udongo ulikuwa mwekundu, majani yalikuwa ya kijani. Ilikuwa picha yenyewe. Mzee alikosa neno la kuitenga diapo na negativu, na kisanduku kilikuwa kikingoja kuchomwa pamoja na karatasi za zamani.

5. Istilahi ninazopendekeza

Filamu ya kugeuza: filamu ambayo yenyewe huwa picha.
Diapo ya filamu: kipande chake kilichowekwa katika fremu.
Diapo ya kompyuta: ukurasa wa PowerPoint.
Ukanda wa filamu: kitu kinachoshikika, tofauti na "filamu" yenye maana ya sinema.

Anayeandika orodha ya vitu vya zamani, kanisani au nyumbani, aanze kwa kuinua kipande kwenye mwanga. Rangi zikiwa za kweli, aandike "diapo ya filamu, picha ya asili". Akiandika "negativu", atakayefuata atadhani kwamba picha iko kwingine.