Daftari la Kazi za Kila Siku

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Neno hilo la mali ni kweli kwa wakati pia. Mtu asiyeandika kazi zake husahau nyingi, na mwaka humalizika asijue siku zake zimekwenda wapi. Lakini yuko na mtu wa pili, ambaye huandika sana hata kuandika kwenyewe kukawa mzigo mzito kuliko kazi alizoziandika.

Palikuwa na mwanafunzi katika shule moja ya milima ya Usambara, karibu na Lushoto. Alipewa daftari lenye ukurasa mmoja kwa kila siku, akalifurahia mno. Kila jioni aliandika kazi za kesho yake: kuchota maji ya nyumbani, kukata majani ya ng'ombe, kumwagilia kitalu cha kabichi cha shule, na kusoma hesabu. Jioni ya pili aliandika yale yale, na jioni ya tatu yale yale. Juma la kwanza mwandiko ulikuwa mzuri. Juma la pili herufi zikaanza kulala. Juma la tatu kurasa zilikuwa nyeupe, wala hakuna aliyezigusa.

Mwalimu alipoliona daftari hakumgombeza. Alimwambia, "Mwanangu, lete kalamu tufanye hesabu. Kazi zako ni nne, na siku za kazi katika juma ni sita. Ni maandiko mangapi?"

"Ni 24, Mwalimu."

"Na muhula wenye majuma 13?"

Mtoto akapiga hesabu, akajibu, "Ni 312."

"Kama kila andiko moja latumia nusu dakika, basi utaandika dakika 156, yaani saa mbili na dakika 36. Sasa niambie, katika maandiko hayo 312, mapya ni mangapi?"

Mtoto akanyamaza kidogo. "Ni manne tu, Mwalimu."

"Naam. Hayo 308 mengine ni kunakili tu. Jambo lirudilo liandikwe mara moja. Kila siku liandikwe lile lililo geni."

Ndipo mwalimu akamfundisha kuyapanga mambo yarudiayo katika mafungu manne: ya kila siku, ya kila juma, ya kila mwezi, na ya kila mwaka. Lugha yenyewe humsaidia apangaye hivyo, maana Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano zimetajwa kwa hesabu, moja hata tano, kuanzia siku ifuatayo Ijumaa. Mtu akiandika "kila Jumatatu", kwa maneno mawili amekwisha kutaja siku zaidi ya hamsini za mwaka mzima.

Kazi za kila siku ziliandikwa katika ukurasa wa kwanza wa daftari, mahali penye kuonekana upesi. Kazi za kila juma, kama kwenda guliono, kufagia kanisa na kufua nguo, ziliandikwa katika ukanda wa karatasi nene, urefu wake sawa na urefu wa daftari. Ukanda huo huwekwa kando ya ukurasa wa juma lililopo, na juma likiisha huhamishwa mbele. Hivyo maneno yaliyoandikwa mara moja hutumika mwaka mzima, na tena ukanda humwonyesha mwenye daftari mahali alipofika.

Kisha wakachora jedwali. Majina ya kazi yalishuka upande wa kushoto, na siku za juma zilipangwa juu. Kila kazi na kila siku zilikutana katika chumba kidogo, na mstari mmoja ndani ya chumba ulitosha kusema, "Kazi hii imefanywa siku hii." Ndivyo walimu waandikavyo mahudhurio ya wanafunzi: jina la mtoto huandikwa mara moja, na baada ya hapo alama ndogo humtaja kila siku.

Hata kulichora jedwali lenyewe kila juma ni kunakili. Kwa hiyo mwalimu alichukua kiazi ulaya, ambacho katika nchi ya Lushoto si kitu cha kutafutwa mbali, akakikata katikati. Akachonga mistari ya jedwali katika uso wa kiazi, akaupaka wino, akagonga kurasa zote za muhula kwa siku moja, kwa sababu kiazi kikilala hunyauka na mistari hupinda. Kama zinachongwa herufi, lazima zichongwe kinyume, ili zikigongwa zisomeke sawasawa. Hii ndiyo akili ya mtambo wa kuchapia vitabu, kama ule uliokuwa katika misheni ya Vuga: herufi hupangwa mara moja, na karatasi nyingi hutoka.

Mambo ya mwaka yalitaka uangalifu, maana hayarudi yote kwa namna moja. Krismasi haiachi tarehe 25 Desemba, lakini siku yake ya juma hubadilika. Mwaka wa siku 365 una majuma 52 na siku moja zaidi; kwa hiyo tarehe iliyokuwa Jumatatu mwaka huu itakuwa Jumanne mwaka ujao, na kama tarehe 29 Februari imeingia katikati, itakuwa Jumatano. Pasaka haiachi Jumapili, lakini tarehe yake huhama kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Idi hufuata mwezi mwandamo, na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, Idi huja mapema kwa siku kama 11 kila mwaka. Siku ya namna hiyo huandikwa kwa penseli, mpaka mwezi uonekane.

Mtoto akaona raha. Kazi iliyokuwa ikimchosha kila jioni sasa ilimalizika kabla maji ya chai hayajachemka. Lakini raha hiyo ilimponza.

Ulikuwa wakati wa jua kali, vuli imekwisha na masika bado. Kitalu cha kabichi kilikuwa na miche mia mbili, nayo ilikusudiwa kuuzwa ili wanafunzi wanunuliwe vitabu. Mtoto huyu alikitunza pamoja na mwenzake, na jedwali la kumwagilia lilitundikwa mlangoni pa ghala. Aliyefika na kukuta alama ya siku ile alijua kwamba miche imekwisha kunywa, akaenda kulima.

Jumatatu moja mtoto alimwagilia, akatia alama. Kisha akafikiri, "Siku zote namwagilia mimi asubuhi. Kwa nini nije mlangoni mara sita?" Akatia alama za juma lote kwa mara moja, akaenda zake akifurahi kuwa amepunguza kazi.

Jumatano jioni mama yake alimwambia, "Mwanangu, bibi yako ni mgonjwa. Kesho alfajiri tutakwenda Mlalo." Wakaenda, wakarudi Jumamosi. Alhamisi mwenzake alifika ghalani, akaona alama, akashika jembe. Ijumaa vilevile. Jumamosi walipokwenda kitaluni wote wawili, miche ilikuwa imelala chini, na majani yake yalivunjika mkononi kama karatasi iliyopita motoni.

"Mbona hukumwagilia?" mtoto akauliza.

Mwenzake akajibu, "Nilisoma alama yako, nikaiamini."

Mtoto hakuwa na neno. Akaenda mwenyewe kwa mwalimu, akamweleza yote, asimtie mwenzake lawamani. Mwalimu akasema, "Mwanangu, nilikufundisha kufupisha maneno, wewe umefupisha kweli. Ukurasa wa kwanza na ukanda vyasema unayokusudia kufanya, na makusudi yaweza kuandikwa mapema, hata ya mwaka mzima. Lakini alama ya jedwali ni shahidi, na shahidi hasemi kabla ya kuona."

Watu wa Usambara waliijua nguvu ya alama ndogo tangu zamani, tena kwa uchungu. Wakati wa utawala wa Wajerumani, Lushoto ilipokuwa ikiitwa Wilhelmstal, watu wa wilaya hiyo walipewa vipande vya kazi, mwaka 1907. Kila mwenye kipande alilazimishwa kumfanyia kazi Mzungu siku 30 katika kila miezi minne kwa mshahara uliowekwa, na asiyezitimiza aliweza kutiwa katika kazi za serikali kwa nguvu. Hata baadaye, wakati wa Waingereza, kipande cha siku 30 kilikuwa desturi katika mashamba ya mkonge yaliyo chini ya milima. Alama moja ilikuwa siku moja ya kazi, na alama zilipotimia mtu alipata mshahara wake. Kwa karani ilikuwa njia fupi ya kuandika. Kwa mwenye kipande ilikuwa chakula cha watoto. Siku iliyofanyiwa kazi isiyotiwa alama ilikuwa jasho lililopotea, na alama iliyotiwa bila kazi ilikuwa wizi.

Vivyo hivyo katika elimu. Huko Amani, katika Usambara ya mashariki, Wajerumani walianzisha mwaka 1902 kituo cha kuchunguza mimea na kilimo. Wataalamu wa namna hiyo hutaka kujua mvua inyeshayo, na mpimaji wa mvua hukisoma chombo chake kila asubuhi saa ile ile, kwa kawaida saa tatu. Karatasi yake imekwisha kuchapwa tarehe zote, naye huongeza tarakimu tu. Mvua isiponyesha huandika sifuri. Asipopima, haandiki sifuri. Huacha wazi, ili asomaye ajue kwamba siku hiyo haina shahidi. Mpimaji akijaza mwezi mzima kwa kukisia, amewadanganya watu asiowajua, watakaoisoma karatasi yake hata baada ya miaka hamsini.

Mtoto yule alijifunza desturi hiyo. Jedwali lake jipya lilikuwa na mstari kwa kazi iliyofanywa, na duara kwa kazi isiyofanywa. Chumba kisichojulikana habari yake kilibaki kitupu. Yeye na mwenzake wakatayarisha kitalu kingine, wakasia mbegu upya kabla ya masika. Kila asubuhi, akiisha kumwagilia, alikwenda mlangoni pa ghala na mikono yake ingali na maji, akatia alama moja ya siku ile moja.

MAZOEZI

1. Mwanafunzi ana kazi tano za kila siku, na siku za kazi ni sita katika juma. Kama aandika kila kazi kwa nusu dakika, atatumia muda gani kwa muhula wa majuma 12?

2. Andika kazi zako mwenyewe katika mafungu manne: za kila siku, za kila juma, za kila mwezi na za kila mwaka.

3. Kuna tofauti gani kati ya sifuri na chumba kitupu katika karatasi ya mvua?

4. Mwalimu alikuwa na maana gani aliposema, "Wewe umefupisha kweli"?

5. Chonga kiazi chenye herufi ya kwanza ya jina lako, ukigonge katika karatasi. Eleza kwa nini herufi huchongwa kinyume.