Gari Fupi au Gari Refu? Somo kwa Vikundi Vyenye Barabara Mbaya

Vikundi vingi vya kujisaidia vikishaweka akiba kwa miaka kadhaa, habari ya kununua gari huingia mkutanoni. Maziwa yanaganda kabla ya kufika sokoni. Mahindi yanachukuliwa na dalali kwa bei anayotaka yeye, kwa sababu ndiye mwenye gari. Mama mjamzito anabebwa kwa kitanda cha miti mpaka barabara kubwa. Hapo mtu husimama na kusema, "Tununue forwili, hiyo inafika kila mahali." Wote hupiga makofi.

Lakini ndugu zangu, forwili si za aina moja. Kuna fupi na kuna refu, na kila moja ina mahali pake. Kikundi kikichagua vibaya, gari litakwama pale pale lilipotakiwa kupita, ama litapita vizuri lakini likiwa na mzigo mdogo usioweza kulipa hata mafuta. Na pesa hizo ni za watu wengi, pamoja na yule aliyekuwa akileta shilingi hamsini kila wiki kutokana na mayai. Kwa hiyo tujifunze kwanza, ndipo tununue.

1. Fupi na refu maana yake nini?

Hatupimi kutoka bampa hadi bampa. Nyoosha magurudumu ya mbele, kisha weka futi ya kamba katikati ya gurudumu la mbele na uivute mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, upande ule ule. Umbali huo tuuite nafasi ya ekseli. Mafundi wengine husema chasisi fupi na chasisi ndefu.

Hii hapa mifano ya magari yanayoonekana kwenye barabara zetu:

- Suzuki Jimny ya milango mitatu: sentimita 225
- Land Rover Defender 90 ya zamani: sentimita 236
- Land Rover Defender 110 ya zamani: sentimita 279
- Toyota Land Cruiser 78, ile ndefu inayotumiwa sana kubeba wagonjwa: sentimita 298
- Toyota Land Cruiser 79, pikapu ya kabini moja: sentimita 318

Jina la 110 latokana na nafasi ya ekseli kwa inchi. Defender za aina hiyo ya zamani ziliacha kutengenezwa Januari 2016, kwa hiyo ukiuziwa moja ni lazima iwe imetumika. Defender mpya zilizotoka baadaye zina vipimo vingine, hata kama zinaitwa 90 na 110. Usiamini jina, pima mwenyewe.

2. Tumbo la gari

Gari linapopanda juu ya tuta, magurudumu ya mbele huwa yameshuka upande mmoja na ya nyuma bado yako upande mwingine. Tumbo liko juu ya kilele. Likigusa, gari hulala juu ya tuta na magurudumu huzunguka bure. Injini haiwezi kusaidia hapo, hata ikiwa na nguvu namna gani.

Tufanye hesabu kidogo. Tuchukue magari mawili ambayo matumbo yote yako sentimita 23 kutoka chini. Moja lina nafasi ya ekseli ya sentimita 230, jingine 300.

Gari fupi: nusu ya 230 ni 115. Gawanya 23 kwa 115, unapata 0.2. Maana yake linaweza kuvuka tuta ambalo kila upande unapanda karibu sentimita 20 kwa kila mita moja.

Gari refu: nusu ya 300 ni 150. Gawanya 23 kwa 150, unapata kama 0.15. Hilo litavuka tuta linalopanda sentimita 15 tu kwa kila mita. Zaidi ya hapo, tumbo linalala.

Mwajionea wenyewe. Matumbo yako sawa, lakini gari fupi linapita mahali refu linaposhindwa. Ili gari refu lipite pale pale, tumbo lake lingehitaji kuwa sentimita 30 kutoka chini.

Jambo moja la kukumbuka: pimeni kimo cha tumbo gari likiwa limebeba mzigo. Springi hukaa chini mzigo ukipanda, na gari lililopita asubuhi likiwa tupu laweza kulala jioni likirudi na magunia.

3. Kona

Ukikunja usukani kiasi kile kile, gari refu huhitaji nafasi pana zaidi kugeuka. Tena gurudumu lake la nyuma la upande wa ndani hukata kona, halifuati njia ya lile la mbele. Kwenye njia ya mlimani iliyochongwa ubavuni, kama zile za mteremko wa Elgeyo, gurudumu hilo laweza kugonga mwamba au kutoka nje ya ukingo. Dereva wa gari refu hulazimika kwenda mbele, kurudi nyuma, halafu mbele tena. Kurudi nyuma karibu na genge si mchezo, hasa usiku na mvua ikinyesha. Hapa gari fupi lina faida kubwa.

4. Mlima na mzigo

Mpaka hapa gari fupi linashinda. Sasa tulipakie.

Mnajua mti wa kubembea watoto: mmoja akikaa mwishoni, mwenzake wa upande wa pili huinuka. Gari nalo ni hivyo. Ekseli ya nyuma ndiyo egemeo. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli hiyo, mbele ya gari huinuliwa.

Weka magunia manne ya mahindi ya kilo 90, jumla kilo 360, mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma. Kwa gari la sentimita 230, magurudumu ya mbele yatapunguziwa kama kilo 157. Kwa gari la sentimita 300, yatapunguziwa kilo 120. Na uzito huo haupotei, unahamia nyuma. Ekseli ya nyuma ya lile gari fupi haibebi tena kilo 360 za mahindi, inabeba kama nyongeza ya kilo 517.

Magurudumu ya mbele yakiwa mepesi, usukani hautii na breki za mbele hazishiki vizuri. Kwenye mlima mkali ni vibaya zaidi, kwa sababu mteremko wenyewe nao unasukuma uzito nyuma. Gari fupi lililojazwa nyuma na kubebeshwa keria juu linaweza hata kupinduka kwa nyuma.

Gari refu la mzigo lina sakafu kubwa mbele ya ekseli ya nyuma. Ukipanga vitu vizito hapo, ekseli zote mbili zinasaidiana. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuchagua refu: si kwamba lina nafasi tu, bali mzigo unakaa mahali pazuri.

Jihadharini na ujanja mmoja. Kuna magari mafupi ambayo bodi imerefushwa kwa nyuma. Ukiliangalia ni refu, lakini nafasi ya ekseli ni ile ile. Hilo lina udhaifu wa fupi na mzigo wa refu. Na kuna mengine ambayo chasisi yenyewe imekatwa na kuchomelewa ili iongezwe. Mlaleni chini na mwangalie kabla ya kutoa pesa. Bora zaidi, mlipeni fundi asiyemjua muuzaji aje aangalie.

5. Tope, mabati na mchanga

Kwenye tope la kuteleza, gari refu huelekea kwenda moja kwa moja, na likianza kuteleza nyuma dereva hupata muda kidogo wa kulirudisha. Fupi hugeuka upesi. Ukichelewa kidogo, limeshatazama ulikotoka. Kwenye barabara ya mabati, ile yenye vijituta vidogo vidogo, fupi hurukaruka zaidi. Mgonjwa aliyelala ndani atajua tofauti hiyo kabla ya dereva.

Kwenye udongo mweusi unaonata, au mchanga wa laga kule kaskazini, ufupi na urefu si jambo kubwa. Hapo yanayosaidia ni tairi nzuri, kupunguza upepo wa tairi kwenye mchanga (na kuujaza tena ukifika barabara ngumu), uzito mdogo na dereva mwenye subira.

6. Mto uliofurika

Hapa tusidanganyane. Hakuna gari fupi wala refu la kuvuka mto uliofurika. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 60 yanaweza kubeba magari mengi, hata forwili nzito. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na Mto Enziu karibu na Mwingi, Kaunti ya Kitui, na watu zaidi ya 30 walikufa. Basi ni refu kuliko pikapu yoyote na ni zito kuliko zote tulizotaja. Dereva wenu awe na ruhusa ya kikundi, iliyoandikwa kwenye kitabu cha kumbukumbu za mkutano, ya kusimama na kungoja maji yapungue bila kulaumiwa na mtu yeyote.

7. Gari halibadiliki, njia hubadilika

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Urefu wa gari hautabadilika tena baada ya kununua. Lakini njia yaweza kubadilishwa kwa jembe.

Tuseme njia yenu ya kilomita 8 ni nzuri kiasi isipokuwa tuta moja. Kimo chake ni sentimita 40, na kila upande unapanda kwa mita 2. Hiyo ni sentimita 20 kwa mita, na gari refu la mfano wetu litalala hapo. Je, mnunue gari fupi kwa ajili ya tuta moja, kisha miaka yote mbebe nusu ya mzigo? Jazeni mawe na udongo, mshindilie, mpaka kila upande uwe na mita 4. Sasa tuta linapanda sentimita 10 tu kwa mita. Gari refu linapita na sentimita 8 zinabaki chini ya tumbo. Ni kazi ya siku chache kwa watu wenye majembe, mikokoteni na uji wa saa nne.

Lakini msilifute tuta lenyewe kabla ya kujua kazi yake. Matuta mengi yaliwekwa ili yatoe maji ya mvua nje ya barabara. Mkiliondoa, mvua kubwa ijayo itakata mtaro katikati ya njia na mtakuwa mmejiletea shida kubwa zaidi. Refusheni miteremko, acheni kilele. Na kama barabara ni ya serikali, semeni na ofisi ya wadi kwanza.

Kona za genge ni habari nyingine. Mwamba hauchimbwi kwa jembe. Njia yenu ikiwa na kona nyingi za namna hiyo, basi gari fupi ndilo lenu, na mkubali safari mbili badala ya moja. Au gari refu lingoje barabarani, na mzigo ushushwe kwa punda na boda boda.

8. Namna ya kuamua

Kabla ya kwenda mjini kutazama magari, fanyeni hivi:

1. Watu watatu watembee njia yote kwa miguu wakiwa na futi ya kamba na daftari. Bora iwe baada ya mvua.
2. Waandike kila mahali pabaya: tuta, kona, mtaro, kivuko. Wapime kimo na urefu wa kila tuta.
3. Kwa kila mahali, kikundi kijibu: je, hapa tunaweza kupatengeneza wenyewe?
4. Andikeni mzigo wa wiki nzima: magunia, mitungi ya maziwa, watu.
5. Yanayobaki bila kutengenezeka ndiyo yatakayochagua gari. Yakiwa ni matuta makali na kona kali, chukueni fupi. Yakiwa machache au hakuna, chukueni refu, kwa maana ndilo litakalobeba mzigo wa kujilipa.
6. Kodini gari la aina hiyo kwa siku moja, mlipakie kama kawaida, mpite njia yote. Gharama ya siku moja ni ndogo kuliko majuto ya miaka kumi.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Ni mahali gani kwenye njia yetu ambapo magari hukwama kila mwaka? Ni tumbo, ni kona, au ni tope?
2. Gari lina tumbo la sentimita 20 kutoka chini na nafasi ya ekseli ya sentimita 280. Je, litavuka tuta linalopanda sentimita 15 kwa kila mita? (Nusu ya 280 ni 140. Gawanyeni 20 kwa 140.)
3. Mzigo wetu wa wiki ni kilo ngapi? Gari fupi lingekwenda safari ngapi, na mafuta yangekuwa pesa ngapi?
4. Nani atakuwa na neno la mwisho mto ukifurika: dereva, au mwenyekiti mwenye haraka?