Sheikh Kaluta Amri Abedi: Mshairi na Mwanahabari wa Ujiji

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili utaweza:
(a) kueleza maisha na kazi za Sheikh Kaluta Amri Abedi;
(b) kubainisha vina, mizani, mishororo na beti katika shairi;
(c) kujadili mgogoro wa ushairi wa kimapokeo na wa kisasa kwa hoja na mifano.

1. Utangulizi

Watahiniwa wengi hukariri kwamba "mizani ni idadi ya silabi katika mshororo", lakini wakipewa ubeti mmoja wahesabu, wanakwama. Wengine huukwepa ushairi kabisa kwa kudhani kuwa ni kipaji cha watu wa Lamu, Mombasa na Unguja. Mtu tunayemsoma hapa anajibu matatizo yote mawili. Alizaliwa Ujiji, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani, na ndiye aliyeandika kitabu cha kuwafundisha watu wengine kanuni za kutunga mashairi ya Kiswahili.

2. Maisha na kazi zake

*Mahali alipotoka.* Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Usishangae kwamba mshairi wa Kiswahili alitoka huko. Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo na kupitia Tabora. Burton na Speke walifika hapo mwaka 1858, na hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Biashara hiyo, pamoja na pembe za ndovu na utumwa, ilileta watu wa makabila mengi: Waha wenyeji, watu wa Manyema kutoka ng'ambo ya ziwa, Waarabu na watu wa pwani. Walihitaji lugha moja ya kuelewana, nayo ikawa Kiswahili. Kwa hiyo mtoto wa Ujiji alikisikia Kiswahili sokoni na msikitini kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914.

*Elimu na dini.* Alisoma Tabora, kisha akajiunga na Jumuiya ya Waislamu wa Ahmadiyya. Alikuwa miongoni mwa waliomsaidia Sheikh Mubarak Ahmad katika tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotoka mwaka 1953. Baadaye alikwenda Pakistan kwa masomo ya dini.

*Uandishi wa habari.* Aliandikia na kuhariri *Mapenzi ya Mungu*, gazeti la Kiswahili la jumuiya hiyo. Hapa pana jambo la kuzingatia. Wakati wa ukoloni magazeti yalikuwa uwanja mkubwa wa washairi. Gazeti la *Mambo Leo*, lililoanza mwaka 1923, lilichapa mashairi ya wasomaji kutoka bara na pwani, na washairi waliulizana na kujibizana humo. Mtu wa Kigoma angeweza kujibiwa na mtu wa Tanga ambaye hawajawahi kuonana. Gazeti liliutoa ushairi pwani na kuupeleka bara.

*Kitabu.* Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Kina sehemu mbili kama jina lake linavyoonesha: kwanza kanuni za utunzi, kisha mashairi yake mwenyewe. Yaani alitoa sheria, halafu akaonesha kwa vitendo kwamba zinafuatika.

*Siasa.* Alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria, na baadaye Waziri aliyeshughulikia maendeleo na utamaduni wa taifa. Alifariki Oktoba 1964 akiwa Ujerumani Magharibi, akiwa na takriban miaka 40. Uwanja wa michezo wa Sheikh Amri Abeid mjini Arusha unalikumbuka jina lake.

3. Sheria za utunzi kwa mfano

Kwa Amri Abedi, shairi ni kitu cha kuimbwa. Vina na mizani vipo ili sauti itembee sawasawa mdomoni mwa mwimbaji na sikioni mwa msikilizaji. Ukilishika hilo, hutahitaji kukariri sheria moja moja, kwa sababu utajua zinafanya kazi gani.

Chunguza ubeti huu, uliotungwa kwa ajili ya somo hili, kuhusu wavuvi wa dagaa wa Kigoma:

Ziwani jua lazama, mitumbwi yateremka,
Karabai zasimama, mwanga mweupe wawaka,
Dagaa waja kwa hima, wavuni wanaanguka,
Mvuvi hana lawama, kazi yake yasifika.

(i) Mishororo. Ipo minne. Ubeti wa mishororo minne huitwa *tarbia*. Mshororo wa mwisho huitwa kituo. Ukirudiwa katika kila ubeti, huitwa kiitikio au kibwagizo.

(ii) Vipande. Kila mshororo una vipande viwili. Cha kwanza huitwa ukwapi, cha pili utao.

(iii) Vina. Kina cha kati ni *-ma* (lazama, zasimama, hima, lawama). Kina cha mwisho ni *-ka* (yateremka, wawaka, wanaanguka, yasifika).

(iv) Mizani. Hesabu silabi za mshororo wa kwanza:
Zi-wa-ni-ju-a-la-za-ma = 8
mi-tu-mbwi-ya-te-re-m-ka = 8
Jumla ni mizani 16 kwa mshororo, na 64 kwa ubeti mzima.

Zingatia. Katika *mitumbwi*, herufi *mbwi* ni silabi moja. Katika *yateremka* na *mvuvi*, sauti *m* inasimama peke yake na kuhesabiwa mizani moja: m-vu-vi ni mizani 3, si 2. Katika *karabai* na *wanaanguka*, irabu mbili zinazofuatana ni silabi mbili. Makosa mengi ya kuhesabu hutokea hapa. Ukiwa na shaka, tamka neno polepole huku ukipiga meza kwa kidole.

(v) Maana. Vina na mizani pekee havitoshi. Ubeti lazima uwe na jambo linalosemwa. Jambo la ubeti huu ni kuithamini kazi ya mvuvi anayefanya kazi wakati wengine wamelala. Ukiulizwa dhamira, anza na jambo hilo, usianze na mizani.

4. Mgogoro wa ushairi

Miaka ya 1970 vijana waliosoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kutunga bila kufuata vina na mizani. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walitoa *Mashairi ya Kisasa* mwaka 1973, na Euphrase Kezilahabi akatoa *Kichomi* mwaka 1974. Washairi wa kimapokeo walipinga, na hoja zao nyingi zilijengwa juu ya msingi alioueleza Amri Abedi, aliyekuwa amekwisha kufariki.

| Wanamapokeo | Wanamabadiliko |
|---|---|
| Vina na mizani ni uti wa mgongo wa shairi la Kiswahili. | Kiini cha shairi ni fikra na lugha ya picha. |
| Shairi lisiloimbika limepoteza asili yake. | Shairi linaweza kusomwa au kughanwa pia. |
| Kanuni hulinda utamaduni na humkomaza mtunzi. | Kanuni zikikazwa mno humlazimisha mtunzi kuchagua neno kwa ajili ya kina badala ya maana. |
| Asiyezifuata ameandika insha iliyokatwa mistari. | Zipo nyimbo za jadi za makabila yetu zisizo na vina, nazo ni ushairi. |

Angalia kwamba pande zote mbili zina hoja. Anayevunja sheria kwa kusudi hufanya hivyo vizuri zaidi akiwa anazijua. Na anayezifuata bila kuwa na la kusema hutoa sauti tupu.

5. Namna ya kujibu katika mtihani

*Swali la mfano:* "Shairi lisilo na vina na mizani si shairi." Jadili kauli hii.

(a) Utangulizi. Fafanua shairi, vina na mizani kwa ufupi, kisha taja msimamo wako.
(b) Kiini. Toa hoja za upande mmoja, kisha za upande wa pili. Kila hoja iwe na mfano kutoka katika diwani uliyosoma darasani. Taja jina la shairi na la mwandishi, usiishie kusema "mshairi anasema".
(c) Hitimisho. Rudia msimamo wako kwa maneno mapya. Usiingize hoja mpya hapa.

Kosa la kuepuka: kueleza maisha ya Amri Abedi kurasa mbili. Swali linahusu shairi. Mtaje kwa sentensi moja au mbili kama mtetezi wa kanuni, kisha endelea na hoja.

6. Maswali ya kujipima

1. Taja kitabu cha Amri Abedi kilichotoka mwaka 1954 na sehemu zake mbili.
2. Kwa nini Kiswahili kilienea mapema Ujiji? Toa sababu mbili.
3. Hesabu mizani ya maneno haya: *mtumbwi, nchi, Tanganyika, samaki, mgebuka*.
4. Eleza mchango wa magazeti katika kukuza ushairi wa Kiswahili.
5. Tunga ubeti mmoja wa tarbia wenye mizani 16 kwa kila mshororo, kuhusu kazi inayofanyika mahali unapoishi.

Majibu

1. *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*: kanuni za utunzi na mashairi yake.
2. Misafara ya biashara. Mchanganyiko wa makabila uliohitaji lugha ya kuelewana.
3. m-tu-mbwi 3, n-chi 2, Ta-nga-nyi-ka 4, sa-ma-ki 3, m-ge-bu-ka 4.
4. Yalichapa mashairi ya watu wa bara na pwani. Yaliwakutanisha washairi kwa kujibizana. Yaliwapa wasomaji mifano ya utunzi.
5. Mpe mwenzako ubeti wako auimbe kwa sauti. Akikwama, hesabu upya mizani ya mshororo huo.